Usiulize Kulikoni: Mwongozo kwa Mwalimu Mpya wa Nidhamu

Hongera, mwalimu mwenzangu. Barua imetoka, jina limesomwa mstarini, wanafunzi wamekupigia makofi huku wakikupima kwa macho, na kuanzia Jumatatu wewe ndiye mwalimu wa nidhamu na malezi. Chuoni ulisoma saikolojia ya elimu, ukaifanyia mtihani, ukafaulu, daftari ukamgawia wa mwaka wa nyuma yako. Hakuna aliyekwambia utafanya nini na watoto mia tisa, ofisi unayochangia na magunia ya mahindi ya uji, na mkuu wa shule ambaye kipimo chake cha nidhamu ni shule kuwa kimya anapoongea na simu. Mwongozo huu ni wako.

Kanuni yake ni moja: usiulize kulikoni.

Ukimuuliza mtoto kulikoni, atakwambia, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Utasikia kwamba mama amelazwa, kwamba wamehamia Chamazi kwa bibi, kwamba jana usiku hawakuinjika kitu. Ukishayajua hayo mkono unakuwa mzito, na nyuma yake wenzake thelathini wako foleni, na kipindi chako cha darasa la sita kimeshaanza. Fimbo haina maswali. Mtoto ananyoosha mkono, unapiga, anapuliza kiganja, anakwenda zake, na wewe unabaki hujui lolote zaidi ya ulilolijua ulipoamka. Sekunde kumi tu. Hakuna mbinu ya malezi inayoweza kushindana na fimbo kwa kasi, na sisi wakongwe tunaoitetea huwa hatuna hoja nyingine ya maana kuliko hiyo.

Vifaa

Anza kwa kuisoma sheria, ili ujue unachokikwepa. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni hapa Tanzania zilitungwa mwaka 1979, zikaja kupunguzwa makali mwaka 2002 kwa Tangazo la Serikali Na. 294. Zinasema viboko visizidi vinne. Vipigwe kiganjani, au makalioni juu ya nguo, na si mahali pengine popote. Fimbo iwe nyepesi, ya kupindika. Achape mkuu wa shule, au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi. Msichana asichapwe na mwalimu wa kiume ilhali walimu wa kike wapo. Kosa liwe zito. Umri, jinsia na afya ya mtoto vizingatiwe. Kisha kila tukio liandikwe katika daftari maalumu: jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko, jina la aliyechapa, na saini ya mkuu wa shule.

Ukizisoma haraka utaona kanuni hizi zinaruhusu viboko. Ukizisoma taratibu utagundua kwamba zikifuatwa neno kwa neno, hakuna atakayechapa mtu. Hebu piga hesabu ya wachelewaji arobaini, kila mmoja mstari wake, kila mstari saini yake, na mkuu wa shule yuko halmashauri kwenye kikao. Itafika saa nne bado uko kwenye akina Abdallah. Kwa hiyo daftari linunuliwe, jalada liandikwe kwa kalamu nzito DAFTARI LA ADHABU, lifungiwe kabatini. Mdhibiti ubora akija atalikuta jeupe kurasa zote, naye ataandika kwenye ripoti yake kwamba nidhamu ni nzuri.

Fimbo usinunue. Mtume mwanafunzi akakate. Akileta nyembamba, mwambie amekudharau, uanze na yeye. Mpera ndio wenye sifa. Mwarobaini hukatika mapema. Kipande cha bomba la maji hakikubaliki kwa kanuni, na labda ndiyo sababu kina wapenzi wengi.

Kuhusu nani mwenye ruhusa ya kuchapa, usijisumbue sana. Oktoba 2019 mkuu wa mkoa wa Mbeya wa wakati huo aliwacharaza wanafunzi wa sekondari moja wilayani Chunya, kamera zikichukua, kisa kikiwa simu na mabweni yaliyochomwa moto. Kanuni hazimtaji mkuu wa mkoa hata kwa herufi ndogo. Rais Magufuli alimpongeza hadharani. Baada ya hapo mwalimu gani atakumbuka kuomba idhini ya maandishi?

Getini

Saa moja kamili asubuhi geti lifungwe, usimame wewe mwenyewe, mikono nyuma. Watakuja.

Binti wa darasa la saba atakuja akihema. Amekuwa kituoni tangu saa kumi na moja na nusu. Daladala ya kwanza ilipunguza mwendo, konda akaona sare, akapiga bodi mara mbili, ikaondoka. Ya pili konda alipaza sauti, "Wanafunzi wawili tu!" na walikuwa kumi na wanne. Nauli ya mwanafunzi Dar es Salaam ni shilingi 200, mtu mzima analipa zaidi ya hiyo, na konda ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri jioni. Ya tatu ilimchukua baada ya kukubali kusimama mlangoni, begi likining'inia nje. Amefika saa moja na robo.

Kosa ni la nani? La binti, bila shaka. Konda hayupo getini.

Mpe viboko, halafu mpe na kazi, maana viboko peke yake vitamrudisha darasani mapema mno. Afyeke nyuma ya vyoo mpaka kipindi cha pili kiishe. Katika ratiba nyingi Hisabati hupangwa asubuhi akili zikiwa bado mpya, na mara nyingi huwa vipindi viwili mfululizo. Kwa mpango huo, mtoto aliyekosa dakika kumi na tano za kufagia uwanja atafidia kwa kukosa dakika themanini za Hisabati. Wiki ijayo atapata sufuri kwenye jaribio, na sufuri nayo ina adhabu yake. Ukiupanga vizuri, mfumo huu unajiendesha wenyewe.

Orodha ya wapiga kelele

Kifaa hiki ndicho kikongwe kuliko vyote baada ya fimbo, na kila aliyepita shule zetu alishakiandika au kuandikwa. Ni karatasi iliyochanwa katikati ya daftari, pini zimeacha matundu mawili. Juu kuna kichwa cha habari, WAPIGA KELELE, kimepigiwa mstari kwa rula. Chini yake majina. Mbele ya majina kuna alama: ×2, ×3, kisha neno "sana", kisha kwa wawili watatu neno "sugu". Jina la nne limefutwa kwa mate mpaka karatasi imetoboka. Jina la saba limekatwa, likarudishwa, likakatwa tena. La mwisho, lililoandikwa kwa wino tofauti, ni la msichana aliyekataa kumwazima kiranja kifutio.

Bei zinajulikana. Barafu ya ubuyu hufuta jina. Kashata hushusha "sugu" ikawa "sana". Andazi zima, jina halikuwahi kuwepo. Kiranja wa darasa la nne akishika kalamu ile huwa anajifunza rushwa kwa vitendo kuliko mada yoyote ya maadili, na anajifunza upande wa mpokeaji.

Wewe kazi yako ni kuipokea karatasi na kuita majina. Usiulize kelele zilianzaje. Ukiuliza, utaambiwa kwamba kipindi cha tatu na cha nne hakukuwa na mwalimu darasani, na mwalimu mwenyewe huenda ni wewe.

Hapa nitoke kidogo nje ya mwongozo. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, madarasa yamefurika, na ruzuku ya uendeshaji kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka mzima. Mwalimu anayesimama mbele ya watoto mia na kumi, wanne wanne kwenye dawati, na chaki nusu mkononi, asifundishwe upole na mtu aliyekaa kwenye kiyoyozi. Uchovu wake ni wa kweli, na hasira zake nyingi zilistahili kwenda kwa mtu mwingine mwenye cheo kikubwa zaidi. Hoja hii ni ya kweli tupu, na kwa hiyo inafaa sana kutumiwa vibaya. Kila utakapoulizwa kwa nini umemchapa mtoto, wewe taja msongamano. Usikubali mtu akuulize kama msongamano umepungua baada ya kumchapa.

Turudi kwenye mwongozo. Nywele, kucha na soksi zikaguliwe kila siku. Njaa, kutosikia vizuri na macho mabovu havionekani mstarini, basi tusihangaike navyo.

Ofisi ya ushauri

Serikali inataka kila shule iwe na walimu wa ushauri na unasihi. Kwa sekondari jambo hili liliwekewa hata fedha za mkopo wa Benki ya Dunia kupitia mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, ulioidhinishwa mwaka 2020, ambao ndani yake mlikuwa na mpango wa Shule Salama. Huwezi kuukwepa. Unaweza hata hivyo kuufanya usidhuru mtu.

Hatua muhimu ni kuhakikisha mwalimu wa nidhamu na mshauri ni mtu mmoja. Asubuhi amchape, mchana amsikilize. Mtoto hatakuwa na haja ya kujieleza, maana watakuwa wameshafahamiana.

Chumba kiwe kile cha mipira na majembe, mlango uachwe wazi kwa sababu za kiusalama. Wewe keti, yeye asimame. Endelea kusahihisha madaftari. Fungua mazungumzo kwa kusema, "Haya, sema, maana nina kipindi." Akianza kulia mwambie anyamaze aongee vizuri. Mwalimu mwenzako akipita kuchukua jembe, mfahamishe kwa ukarimu: "Huyu baba yake kamkimbia mama yake." Ifikapo jioni ofisi nzima itakuwa inajua, kesho asubuhi viranja watajua, mchana wake darasa. Hatarudi tena, wala mwingine hatakuja. Mwisho wa muhula utajaza fomu: wanafunzi waliohitaji ushauri, sifuri. Mkuu wa shule atafurahi.

Sanduku la maoni litundikwe palepale dirishani kwa mkuu wa shule, ili kila anayetumbukiza karatasi aonekane sura. Ufunguo akae nao yeye. Lifunguliwe wageni wakija. Karatasi nyingi zitalalamikia uji usio na sukari, hizo zisomeni mcheke. Lakini kuna siku itatoka karatasi ndogo iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa herufi kubwa ili mwandiko usitambulike, ikisema mwalimu fulani huwaita wasichana nyumbani kwake Jumamosi wakamsaidie kazi. Nimeona wazoefu wanavyoishughulikia. Madaftari ya darasa zima hukusanywa, herufi moja moja hulinganishwa, na kabla ya kengele ya kutoka aliyeandika ameshapatikana. Aliyeandikwa hatafutwi, kwa kuwa alikuwepo ofisini muda wote akisaidia kulinganisha.

Mkutano wa wazazi

Hapa utapata nguvu mpya. Anza na methali, zote mbili, samaki mkunje angali mbichi na mchelea mwana kulia hulia yeye. Hakuna mzazi atakayesimama kupingana na wahenga. Kisha nyuma kabisa atanyanyuka baba mmoja, atavua kofia, atasema, "Mwalimu, mimi huyu nimekukabidhi. Nyama zako, mifupa yangu." Ukumbi utapiga makofi. Katibu aandike kwenye muhtasari kwamba wazazi wameridhia.

Agosti 2018, Bukoba, mwanafunzi wa darasa la tano alifariki dunia baada ya kuchapwa na mwalimu. Alituhumiwa kuiba pochi ya mwalimu mwingine. Pochi ilikuwa imebaki kwenye bodaboda iliyomleta mwalimu huyo shuleni. Mwongozo huu hauna la kusema hapo.

Akitokea mzazi wa kuuliza maswali, na siku hizi wapo, mjibu kwa mila. Mwambie sisi Waafrika ndivyo tulivyolelewa. Usimruhusu aulize mila hiyo ilianza lini mashuleni, maana atakuja na habari za Wajerumani na viboko vyao vya hamsa ishirini, na mkutano utaharibika. Wala asianze kukumbusha kwamba wazee walikuwa na kungwi na somo, watu waliotengwa kabisa kwa ajili ya kukaa na kijana mmoja na kuzungumza naye mambo asiyoweza kumwambia mama yake. Jandoni fimbo zilikuwepo pia, sikatai. Sisi tulizichukua fimbo tukawaacha makungwi.

Na asitaje utafiti wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania, ule ambao zaidi ya nusu ya vijana waliohojiwa, wa kike kwa wa kiume, walisema waliwahi kupigwa ngumi, mateke au viboko na mwalimu kabla ya kutimiza miaka 18. Akiutaja, sema kwa majivuno kwamba hao ndio leo wako serikalini.

Kurudi salama kutoka semina

Mapema au baadaye utaitwa semina ya nidhamu chanya. Nenda. Kuna chai yenye sambusa, kuna kalamu na begi, na nauli hurudishwa. Utapangwa kwenye kikundi, mtapewa bango kitita na kalamu nne za rangi, mtaandika kwamba mtoto asifiwe akifanya vema, kwamba adhabu ihusiane na kosa, kwamba kanuni za darasa zitungwe na watoto wenyewe. Jitolee kuwa katibu wa kikundi. Anayeandika hapati nafasi ya kusikiliza.

Ukirudi, ofisini watakuuliza umekuja na nini. Sema, "Mambo ya Wazungu," uwagawie kalamu. Jibu hilo linatosha miaka mitano.

Tatizo litakuwa iwapo yumo mtu anayesoma. Huyo atakwambia habari za Luwero, hapo Uganda. Shirika la Raising Voices la Kampala lilitengeneza mpango wa shule nzima, mwalimu, mwanafunzi, mzazi na uongozi kwa pamoja, na watafiti wakaupima katika shule 42 za msingi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: hatari ya mtoto kupigwa na walimu ilipungua kwa asilimia 42 ikilinganishwa na shule ambazo hazikuupata. Hao si Wazungu, ni majirani zetu, wana madarasa ya kufurika kama sisi. Hilo jibu lako la miaka mitano limekufa.

Usikate tamaa. Wewe taja Nyarugusu. Kwenye kambi hiyo ya wakimbizi mkoani Kigoma ulijaribiwa mpango mwingine uliowalenga walimu peke yao, wakutane kwa vikundi wajifunze kuzuia hasira na kulimudu darasa. Ulipopimwa, haukuonyesha kupunguza vipigo. Litamke neno Nyarugusu kwa sauti ya mtaalamu, kisha nyamaza. Akikuuliza tofauti ya mahali hapo pawili ni nini, kwamba kule Luwero shule nzima ilibadilika na kule kambini aliachiwa mwalimu abadilike peke yake katika mfumo uleule, angalia saa, sema una kipindi.

Akitaja Kenya, walikopiga marufuku viboko mwaka 2001 na kurudia katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, mwambie malalamiko ya viboko huko hayajaisha hadi leo. Ni kweli hayajaisha. Usimalizie kwamba tofauti ni kwamba mzazi wa Kenya akilalamika ana kifungu cha kushika.

Tahadhari moja kubwa

Katika kila shule yumo mmoja. Mara nyingi ni mwanamke wa makamo, anafundisha Kiswahili au Stadi za Kazi, hana cheo, hakuwahi kwenda semina yoyote. Darasa lake lina watoto wengi kama la jirani, na ukipita dirishani utasikia mlio wa darasa linalofanya kazi, ambao kwa sikio lisilozoea unafanana na kelele. Huyu ni hatari kwako.

Utamkuta asubuhi amesimama mlangoni pa darasa. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba Neema, bibi anaendeleaje?" Anauliza kulikoni bila aibu, tena mbele za watu. Anayajua majina yote, na anajua nani analala kwa nani. Ukutani kwake kuna kanuni sita zilizotungwa na watoto, zimebandikwa kwa uji, na ya tano inasema: Mwalimu naye asichelewe. Siku aliyochelewa, walimwita mbele akaeleza sababu, akaambiwa afute ubao wiki nzima. Akafuta!

Kiranja wake anaandika orodha kama wengine, ila juu imeandikwa WALIOSAIDIA WENZAO. Yule mvulana sugu wa mara tatu amempa kazi ya kutunza chaki na mpira, na tangu hapo mvulana anawahi kufika kuliko mwenye funguo. Waliopigana hawachapi. Anawakalisha kwenye benchi, mmoja aseme, na mwenzake ayarudie yale aliyoyasikia kabla ya kujibu lake. Jambo hili linachukua nusu saa na linachosha kulitazama. Mwisho aliyechana shati ataenda kulishona, aliyechaniwa atamshikia kitambaa. Aliyevunja dawati alikaa na fundi siku nzima akishika msumari.

Huwapigia wazazi simu. Alimpigia baba mmoja nikiwa nimekaa pale, na baba akadakia kabla ya salamu, "Kafanya nini tena?" Akamwambia leo Musa kasoma ukurasa mzima bila kusaidiwa. Upande wa pili kukawa kimya, halafu yule baba akaomba arudie.

Kijana wake mmoja alikuwa akisinzia kila siku. Sisi tungemmwagia maji, na wiki ile walimu wawili walishammwagia. Yeye alimngoja wenzake watoke, akauliza. Kumbe mtoto anauza mayai ya kuchemsha stendi mpaka saa tano usiku, mama yuko kitandani. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti akampeleka kwa afisa ustawi wa jamii wa kata, ikachukua muhula karibu mzima na safari ambazo hakulipwa nauli. Kijana bado anauza mayai. Ila siku hizi ni Jumamosi tu, na amepunguza kusinzia, hajaacha kabisa.

Si malaika huyu mama. Hufoka, na sauti yake ikipanda inafika barabarani. Kuna mtoto mmoja alimshinda, hajui amfanyeje mpaka leo. Njia yake ni ya polepole, haina takwimu, na haiwezi kuonyeshwa kwa mgeni wa wilaya ndani ya dakika tano. Ndiyo silaha yako pekee dhidi yake, itumie. Kwenye kikao sema anawadekeza. Mpangie zamu ya Ijumaa. Mnyime darasa la saba, maana matokeo yakitoka mazuri watu wataanza kuuliza anafanyaje. Walimu wapya wasiketi karibu naye wakati wa chai. Na barua yake ya kuomba uhamisho ikifika mezani, mwombe mkuu wa shule aipitishe siku hiyohiyo, kabla wazazi wa lile darasa hawajapata habari na kuja kujaa ofisini.